Jamii, Kazi na Uteuzi wa Maumbile: Mafunzo Kutoka Usukumani

Kada anayeanza masomo ya siasa hukutana mapema na sheria za maendeleo ya jamii: nyenzo za kazi, mahusiano ya uzalishaji, matabaka na mapambano yao. Mwanafunzi wa sayansi naye hukutana na Darwin, viumbe, urithi na uteuzi wa maumbile. Masomo haya mawili hufundishwa kana kwamba hayajuani. La kwanza huanza pale binadamu anapotokea na jembe mkononi. La pili huishia hapo hapo, kama kwamba siku binadamu alipopata jembe maumbile yalifunga daftari lao na kwenda zao.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba mgawanyo huo hauna msingi. Jamii ya binadamu, kwa kazi yake, kwa mila zake, kwa namna inavyolima, inavyofuga na inavyotibu wagonjwa wake, hubadili masharti ambayo kwayo maumbile huteua nani aishi na nani afe, nani aache uzao na nani asiache. Mifano yetu mikubwa tutaichukua Bariadi na mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, pamoja na Kanda ya Ziwa inayouzunguka.

Suala hili si la darasani tu. Vijijini kwetu iko familia iliyokwisha kuzika watoto wawili au watatu kabla hawajafika umri wa kwenda shule. Watoto hao walikuwa wakilia kwa maumivu ya mifupa, macho yakawa ya njano, vidole vikavimba, damu ikapungua. Familia hiyo isipopewa maelezo ya kisayansi itatafuta maelezo mengine, na Usukumani wote tunajua maelezo hayo yamewahi kuishia wapi: kwa bibi kizee mwenye macho mekundu, aliyeyapata macho hayo kwa kupikia mavi ya ng'ombe na mabua ya pamba miaka hamsini. Wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu jamii ilikosa jibu la swali la kibiolojia. Kada asiyeweza kulijibu swali hilo ameacha nafasi wazi, na mpiga ramli ataijaza.

MANENO KWANZA

Uteuzi wa maumbile si mtu, wala si nia. Hakuna anayeteua. Viumbe wa aina moja hawafanani kabisa. Baadhi ya tofauti zao hurithiwa kwa njia ya chembe za urithi. Na katika mazingira fulani wenye tofauti fulani huishi na kuzaa zaidi ya wenzao. Baada ya vizazi vingi tofauti hiyo huenea. Basi. Hakuna ahadi ya maendeleo humo, wala ngazi ya kupanda. Kinachofaa mahali pamoja hudhuru pengine, na kilichofaa jana chaweza kuua leo.

Hili ni la kusisitiza kwa sababu fundisho la Darwin lilitekwa mapema na mabepari na wakoloni. Yale maneno maarufu ya kudumu kwa aliye bora zaidi hayakutungwa na Darwin. Aliyaandika Herbert Spencer mwaka 1864, na Darwin akayaingiza katika kitabu chake mwaka 1869, katika toleo la tano. Kutoka hapo njia ilikuwa fupi. Mwenye kiwanda alisema amefanikiwa kwa sababu maumbile yamemteua, na mkoloni akasema vivyo hivyo kuhusu bara zima. Hapa Afrika Mashariki, mwaka 1933, walowezi na madaktari kadhaa wa Kenya waliunda chama cha kuchunguza kile walichokiita kuboresha mbari, wakajadili ubongo wa Mwafrika na kudai una upungufu wa kuzaliwa, wakati huo huo Mwafrika akinyimwa shule, ardhi na mshahara wa haki. Huo haukuwa uchunguzi wa maumbile. Ulikuwa ni uhalalishaji wa unyonyaji kwa lugha ya maabara.

Lakini upande wetu nao umewahi kukosea, na haitufai kunyamaza. Katika Urusi ya Kisovieti Trofim Lysenko aliwashawishi viongozi kwamba elimu ya chembe za urithi ni ya kibepari. Mwanabiolojia mkubwa Nikolai Vavilov, aliyekusanya mbegu za mazao kutoka pande nyingi za dunia, alifungwa na kufia gerezani mwaka 1943, na mwaka 1948 elimu hiyo ikapigwa marufuku rasmi. Kilimo cha nchi hiyo kililipa gharama kwa miaka mingi. Chama chaweza kupitisha azimio kuhusu bei ya pamba. Hakiwezi kupitisha azimio kuhusu namna mbegu inavyorithi.

KWATO, MALAMBO NA DAMU

Tuanze na mfano ambao ndio msingi wa makala haya. Mvua za masika zinaponyesha Bariadi, udongo mweusi wa mbuga hushika maji. Ng'ombe wanapokwenda lamboni na kurudi, kila kwato huacha shimo dogo, na shimo hilo hujaa maji. Mbu wa malaria aina ya Anopheles gambiae hapendi mto unaokwenda kasi, wala kisima chenye kivuli kizito. Anapenda hasa dimbwi dogo, la muda, linalopigwa na jua. Nyayo za ng'ombe, jaruba la mpunga, shimo lililochimbwa kutolea udongo wa matofali, lambo lililochimbwa kwa nguvu za wananchi: vyote hivi ni kazi ya binadamu, na vyote ni malezi mazuri ya viluwiluwi vya mbu.

Mwaka 1958 Frank Livingstone, mtaalamu wa Kimarekani, akichunguza Afrika Magharibi, alieleza jambo hili kwa upana. Msitu mnene, alionyesha, si makao mazuri ya mbu huyu. Mkulima anapofyeka msitu, jua hufika chini, madimbwi hutokea, na watu hukaa pamoja kwa wingi mahali pamoja, tena kwa kudumu. Mbu amepata mahali pa kuzaa na chakula karibu. Malaria ikawa ugonjwa wa kudumu wa wakulima, na kwa sababu hiyo ikawa nguvu kubwa ya uteuzi. Katika eneo letu la Ziwa, wakulima na wafua chuma wa utamaduni wa Urewe walikuwapo yapata miaka 2,500 iliyopita, na tanuri za chuma hula makaa, na makaa hula miti. Jembe la chuma, lile tunalolisifu kwa haki kama hatua kubwa ya nyenzo za uzalishaji, lilikuja na mbu nyuma yake.

Sasa kuhusu damu. Katika chembe nyekundu za damu kuna hemoglobini, inayobeba hewa ya oksijeni. Yako mabadiliko madogo katika chembe ya urithi inayotengeneza hemoglobini. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2018 yanasema yalitokea mara moja tu barani Afrika, takriban miaka 7,300 iliyopita. Kila mtu hurithi nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Aliyerithi nakala mbili zilizobadilika huugua: chembe zake za damu hupinda mfano wa mundu, huziba mishipa, huvunjika upesi. Huo ndio ugonjwa wa selimundu, ambao mitaani wengi huuita siko seli. Aliyerithi nakala moja tu huitwa mbebaji. Huyu kwa kawaida haumwi, hulima na kuzaa kama wengine, na wengi hufa wazee bila kujua.

Kwa nini basi kitu kinachoua watoto kisipotee? Swali hilo lilimshughulisha Anthony Allison, daktari aliyelelewa Kenya. Mwaka 1949 alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya, akaona wabebaji ni wengi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, lakini ni wachache mno nyanda za juu na sehemu kame. Ramani ya wabebaji ilifuata ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mbebaji hukingwa. Sehemu ya ushahidi huo ilitoka kwa Wajaluo 30 waliojitolea na kuambukizwa malaria kwa makusudi: kati ya 15 wasio wabebaji, 14 walipata vimelea, kati ya 15 wabebaji, ni 2 tu. Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingeruhusu jaribio kama lile, na yafaa tujiulize kama lingefanywa hivyo kwa watu wasiokuwa raia wa koloni. Lakini matokeo yamesimama. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba mbebaji hukingwa dhidi ya malaria kali kwa takriban asilimia 90.

Ushahidi unaotuhusu zaidi ni ule Allison aliouchapisha mwaka 1956 kutoka wilaya ya Musoma, majirani wa kaskazini wa Simiyu. Tunaomba msomaji avumilie hesabu, kwa sababu hapa uteuzi wa maumbile unaonekana ukifanya kazi kama karani anavyoonekana akiandika. Alipima watoto wachanga 287 na watu wazima 654. Kwa watoto wachanga, 189 hawakuwa na mabadiliko, 89 walikuwa wabebaji, na 9 walikuwa wagonjwa. Kwa watu wazima, 400 hawakuwa na mabadiliko, 249 walikuwa wabebaji, na 5 walikuwa wagonjwa. Yaani wabebaji ni asilimia 31 ya wachanga, lakini ni asilimia 38 ya wazima. Wagonjwa ni asilimia 3 ya wachanga, na hawafiki asilimia 1 ya wazima. Wako wapi waliopungua? Wamekufa. Wagonjwa wengi waliuawa na selimundu, na wasio na mabadiliko kadhaa wakauawa na malaria, hivyo fungu la wabebaji likakua miongoni mwa waliobaki. Katika kizazi kinachofuata wabebaji wawili wataoana, na mtoto mmoja kati ya wanne, kwa wastani, atazaliwa mgonjwa. Mzani huanza upya.

Tuangalie vizuri mzani huo unaning'inia juu ya nini. Hauning'inii juu ya maumbile peke yake. Ondoa jembe, ondoa jaruba, ondoa kijiji cha kudumu, na malaria hupungua nguvu. Malaria ikipungua nguvu, mbebaji hana faida tena, na chembe ile ya urithi huanza kushuka. Kwa maneno mengine, mfumo wa uzalishaji umeingia ndani ya damu. Friedrich Engels, katika insha aliyoiandika mwaka 1876 kuhusu nafasi ya kazi katika kumfanya binadamu, alieleza kwamba mkono si chombo cha kazi tu bali pia ni zao la kazi. Engels hakujua chembe za urithi, na alidhani, kama wengi wa wakati wake, kwamba mazoezi ya mzazi humwingia mtoto moja kwa moja. Hapo alikosea. Lakini alichoshika kilikuwa kizito kuliko alichokosea: kazi hubadili dunia, na dunia iliyobadilika humbadili mfanyakazi.

MAZIWA: NJIA MBILI ZA KUFIKA KISIMANI

Mfano wa pili hauna msiba ndani yake, na ndiyo maana tunaupenda. Mtoto mchanga wa karibu kila aina ya mnyama anyonyeshaye huyeyusha sukari ya maziwa, laktosi, kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho laktesi. Kwa kawaida, akiachishwa ziwa, mwili huacha kutengeneza kimeng'enya hicho. Hiyo ndiyo hali ya asili hata kwa binadamu. Watu wazima wengi duniani wakinywa maziwa mabichi kwa wingi tumbo hujaa gesi na kuharisha. Huo si ugonjwa, ni ukale.

Lakini mahali ambapo jamii zilianza kufuga na kukamua, yale mabadiliko machache ya urithi yanayoiacha laktesi iendelee hata ukubwani yakawa mali. Katika ukame, mtu anayeweza kunywa maziwa bila kuharisha hupata chakula na maji kwa pamoja. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudani. Waligundua mabadiliko yaliyo tofauti kabisa na yale ya watu wa Ulaya kaskazini. Yale yaliyoenea zaidi Tanzania na Kenya walikadiria yalianza kuenea kati ya miaka 2,700 na 6,800 iliyopita, wakati ambao wafugaji walikuwa wakishuka na ng'ombe kutoka kaskazini kuja katika nyika zetu.

Wakoloni walikuwa na desturi ya kusema kwamba kila lililo bora kwa wafugaji wa Afrika Mashariki limetoka kwa damu ya kigeni. Damu imejibu yenyewe. Waafrika walilipata jambo hili kwa njia yao, kwa mifugo yao na kazi yao, pasipo kuazima Ulaya.

Iko njia ya pili, na Msukuma anaijua. Maziwa yakiwekwa katika kibuyu yakaganda, bakteria hula sehemu ya sukari ile kabla mtu hajainywa. Maziwa mgando hayamsumbui sana mtu asiye na laktesi. Utamaduni umefanya kwa kibuyu kazi ambayo mwili ungeifanya kwa mabadiliko ya urithi. Hapa tunaona jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka: jamii huweza kuongeza nguvu ya uteuzi, na jamii hiyo hiyo huweza kuipunguza. Ufugaji uliweka tuzo kwa mwenye laktesi. Kibuyu kikapunguza adhabu kwa asiye nayo. Lipi lilikuwa na nguvu zaidi katika kila jamii hutegemea mila za kukamua, nani alipewa maziwa, yalinywewa mabichi au yamegandishwa. Tusisahau pia kwamba ng'ombe hawakugawanywa sawa. Mwenye zizi kubwa hakunywesha watoto wake sawa na mtu aliyetunza ng'ombe wa mwingine kwa kuangaliwa maziwa tu. Umilikaji nao huingia katika hesabu ya nani anaokoka mwaka wa njaa.

MBU NAYE ANATEULIWA

Kufikia hapa tumemzungumza binadamu, ambaye kizazi chake huchukua miaka 25 au zaidi. Mbu hachukui mwezi. Kwa hiyo yale yaliyomchukua binadamu miaka elfu kadhaa, kwa mbu twaweza kuyaona katika maisha ya kada mmoja.

Mkoa wa Simiyu ndio unaoongoza kwa pamba nchini kwa miaka ya karibuni, na pamba ina maadui wengi, funza wa vitumba akiwa miongoni mwa wakubwa. Mkulima hupiga dawa. Nyingi ya dawa hizo ni za jamii ya pairethroidi, yaani zimeundwa viwandani kwa kuiga sumu ya ua la pareto. Sasa vyandarua vyenye dawa navyo hutumia jamii hiyo hiyo. Tanzania iligawa vyandarua hivyo bila malipo kwa watoto wa chini ya miaka mitano kuanzia mwaka 2009, kisha kwa kaya zote mwaka 2011, na hakuna shaka viliokoa maisha mengi. Lakini kila usiku kila chandarua ni mwalimu wa mbu. Mbu dhaifu hufa. Aliyezaliwa na uwezo kidogo wa kuhimili sumu huondoka, hutaga mayai, na watoto wake huurithi. Dawa ya shambani inapotiririkia dimbwini, viluwiluwi nao hupewa mafunzo ya awali. Usugu ukaenea Kanda ya Ziwa, hasa kwa aina iitwayo Anopheles funestus.

Jamii nayo haikukaa kimya. Huko Muleba vilijaribiwa vyandarua vilivyoongezwa kemikali ya kuvunja kinga ya mbu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha vinafanya kazi zaidi ya vile vya kawaida. Huko Misungwi, ndani ya Usukuma wenyewe, vikajaribiwa vyenye dawa mbili za aina tofauti, na matokeo ya mwaka 2022 nayo yalikuwa mazuri. Hii ni hatua kubwa, lakini kada asidhani kwamba vita vimekwisha. Dawa mpya ni mtihani mpya, na mbu hawana kawaida ya kufeli wote.

Kimelea cha malaria chenyewe kimekuwa kikisoma katika shule hiyo hiyo. Klorokwini, dawa chungu ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa kuwasha ngozi, ilishindwa, na mwaka 2001 Tanzania Bara ikaiacha na kuchukua SP. SP nayo ikachoka upesi, na kuanzia mwisho wa mwaka 2006 ikaja dawa mseto ya ALu. Sasa vimelea vyenye mabadiliko yanayochelewesha kazi ya artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto, vimepatikana mkoani Kagera, karibu na mpaka wa Rwanda. Mtu anayekatiza dozi kwa sababu homa imeshuka, muuzaji anayetoa vidonge nusu kwa sababu mteja ana fedha nusu, duka lenye dawa bandia isiyotosha nguvu: hao wote, bila kujua, wanawachagulia vimelea wale watakaobaki. Tuliseme wazi kwamba umaskini wa mnunuzi na tamaa ya mfanyabiashara ni nguvu za uteuzi wa maumbile, sawa na mvua na jua.

Malawi inatupa fundisho la upande wa pili. Nchi hiyo iliacha klorokwini mwaka 1993. Bila dawa, usugu haukuwa tena na faida, ukawa mzigo. Vimelea vya kawaida vikarudi na kuwashinda wenzao, hata uchunguzi wa mwaka 2005 uliponyesha kwamba klorokwini ilikuwa imerudi kuponya karibu wagonjwa wote waliopewa. Uamuzi wa serikali, uliofuatwa na wananchi, uliwageuza vimelea wa nchi nzima katika miaka 12.

Tuongeze jambo moja kwa haraka kuhusu wanyama wakubwa, maana Simiyu inapakana na Serengeti na ndani yake limo Pori la Akiba la Maswa. Huko Gorongosa, Msumbiji, wakati wa vita vya 1977 hadi 1992 pande zote ziliua tembo kwa ajili ya pembe, na zaidi ya asilimia 90 walitoweka. Kabla ya vita tembo jike wasio na pembe hawakufika moja ya tano. Baadaye walikuwa karibu nusu. Risasi haikumtafuta asiye na pembe, kwa hiyo akaishi na kuzaa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha pia kwamba hali hiyo hurithiwa, na kwamba inaelekea kuwaua madume kabla ya kuzaliwa. Soko la pembe, lililoko maelfu ya maili, limechonga kichwa cha tembo.

JE, HUDUMA INADHOOFISHA TAIFA?

Turudi kwa mtoto wa selimundu, kwa sababu ndipo hoja ya kisiasa ilipo. Uchunguzi wa Kanda ya Ziwa uliochapishwa mwaka 2018, uliotumia damu za watoto wachanga zaidi ya 17,000 zilizokuwa zimekusanywa kwa ajili ya kupima VVU, ulikuta asilimia 20.3 ni wabebaji na asilimia 1.2 wana ugonjwa. Mtoto mmoja katika kila watano ni mbebaji. Kwa mkoa wenye watu zaidi ya milioni mbili kama Simiyu, hili si jambo la familia chache zenye mkosi.

Wapo wanaosema, tena wengine wamesoma, kwamba kuwatibu watoto hawa ni kuzuia maumbile kusafisha taifa. Hoja hii ni ya Spencer iliyovaa koti jeupe, nasi tuijibu kwa hesabu kabla ya kuijibu kwa utu. Chukua kiwango cha chembe ya selimundu kama kilivyo Kanda ya Ziwa, yaani takriban asilimia 11 ya nakala zote. Fikiri kwamba malaria imekwisha kabisa, na kwamba hakuna mtoto hata mmoja mgonjwa anayeishi hadi kuzaa. Hata kwa ukatili huo wote, kiwango kitachukua vizazi 9 kupungua kwa nusu tu, yaani zaidi ya miaka 200, kwa sababu nakala nyingi zimo ndani ya wabebaji wazima ambao uteuzi hauwaoni. Anayependekeza tuache watoto wafe anapendekeza makaburi ya miaka mia mbili kwa faida ambayo hata yeye hataiona. Na anasahau jambo lingine: chembe hiyo si uchafu. Iliwaokoa mababu zake na malaria. Huenda ndiyo sababu yeye yupo.

Watoto hao pia si wa kuhurumiwa tu, wanatibika. Kipimo cha mapema, kinga dhidi ya maambukizi, chandarua, kwa maana mgonjwa wa selimundu hana ile kinga ya mbebaji na malaria humuua upesi, vyote hivi hurefusha maisha. Dawa iitwayo haidroksiyurea ilijaribiwa kwa watoto wa Kenya, Uganda, Kongo na Angola, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba inapunguza vipindi vya maumivu, haja ya kuongezewa damu, vifo na hata malaria.

Kuhusu ndoa, kada awe mwangalifu. Kupima damu kabla ya kuoana ni jambo jema, na wachumba wana haki ya kujua. Lakini kipimo kisigeuzwe kuwa chombo cha kuwavunjia watu uchumba au kumrudisha mke kwao. Mara nyingi mama ndiye anayeambiwa kwamba tumbo lake lina laana. Sayansi inasema kinyume kwa uwazi kabisa: mtoto hawezi kuwa mgonjwa mpaka apate nakala moja kwa mama na nyingine kwa baba. Katika mikutano ya shina, jambo hili moja likielezwa kwa Kisukuma kizuri, mbele ya wanaume, hufanya kazi kubwa kuliko mabango kumi.

Wenzetu walioko Itilima, Meatu, Maswa, Busega na Bariadi wanaweza kuanza na maswali ambayo hayahitaji fedha. Zahanati ya kata ina kipimo cha selimundu, au damu hupelekwa mji gani, na majibu hurudi baada ya siku ngapi? Haidroksiyurea ipo hospitali ya wilaya, na familia huilipia kiasi gani? Dawa iliyopigwa kwenye pamba msimu huu ni ya jamii gani, na ni ile ile iliyomo katika vyandarua vya kijiji? Majibu yaandikwe, yaletwe katika kikao cha halmashauri, na yafananishwe na ya mwaka unaofuata.